Gari ya Kikundi Inatetemeka Kwenye Lami: Tutafute Chanzo Kabla ya Kununua Spea



Kikundi chenye gari moja kinajua uzito wa jambo hili. Gari hiyo inapeleka mbuzi sokoni Isiolo, inarudi Gotu na unga na sukari, na usiku ikibidi inabeba mama mjamzito kwenda hospitali. Gari ikilala, kazi ya kikundi kizima imelala. Na pesa ya kuitengeneza ni ile ile ya akiba yetu, shilingi kwa shilingi.

Leo tujifunze juu ya ugonjwa mmoja tu. Gari inatembea vizuri kwenye changarawe, lakini ikifika lami na dereva akiongeza mwendo, inaanza kutetemeka. Hebu watu wawili wasome igizo hili mbele ya kikundi.

IGIZO

Dereva: Mama, gari ikifika sabini inatetemeka mpaka kiti kinanguruma. Ni tairi hizo. Tununue mpya.

Mweka hazina: Kijana wangu, juzi ulisema tubalansi tairi, tukalipa. Je, ilipona?

Dereva: Haikupona, mama. Ndiyo maana nasema tununue zote nne.

Mweka hazina: Nani amelala chini ya gari akaangalia?

Dereva: (Kimya.)

Jadilianeni kidogo: Mmeona nini hapa? Kwa nini kikundi kinaweza kulipa mara mbili na ugonjwa ukabaki? Mkimaliza, endeleeni kusoma.

KWA NINI INATETEMEKA KWENYE LAMI TU?

Kitu kinachozunguka kikiwa kizito upande mmoja, kinavuta gari huku na huku. Nguvu hiyo inaongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo kasoro ambayo huisikii ukienda kilomita 40 kwa saa, ukifika 80 inakutikisa mara nne zaidi.

Kwenye njia yetu ya mawe na mchanga gari haifiki mwendo huo, na hata ingefika, mashimo na mawimbi ya barabara yangeficha mtetemeko. Lakini barabara ya Isiolo hadi Moyale, ambayo miaka ya 1990 ilikuwa ya changarawe na vumbi, sasa ni lami. Mtu akielekea Archer's Post anakanyaga mafuta bila wasiwasi. Basi tusiseme lami imeharibu gari. Mara nyingi uharibifu umefanyika kule kwenye mawe, lami imeuonyesha tu.

PROPELA NI NINI?

Ukiinama chini ya pikapu, Land Rover au Land Cruiser, utaona bomba refu la chuma kutoka gea boksi mpaka difu ya nyuma. Hiyo ndiyo propela. Inabeba nguvu ya injini kupeleka magurudumu ya nyuma. Kila mwisho ina kiungo kinachoitwa krosi, ambacho wengine wanakiita yunivaso. Krosi inaruhusu propela kuzunguka huku difu ikipanda na kushuka na springi. Gari ya foo-wili ina propela nyingine ya mbele. Gari ndefu inaweza kuwa na propela ya vipande viwili na beringi ya katikati iliyoshikwa na mpira.

Si gari za kubeba mbuzi peke yake zenye shida hii. Datsun 240Z, gari ya mbio iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, ilikuwa na propela na krosi kama hizi zetu. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani ya aina hiyo yanashindana katika East African Safari Classic, na mafundi wao nao wanalala chini kukagua. Gari ya bei kubwa haikwepi mawe.

TOFAUTI YA TAIRI NA PROPELA

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme tairi likizunguka mara moja gari inasonga mita 2.5. Ukienda 80 kwa saa, gari inakwenda kama mita 22 kila sekunde, yaani tairi linazunguka mara 9 hivi. Sasa, difu nyingi za gari hizi zinataka propela izunguke kama mara 4 ili tairi lizunguke mara 1. Kwa hiyo propela inazunguka kama mara 36 kwa sekunde ile ile.

Ndiyo sababu mtetemeko wa tairi ni mpigo wa polepole unaoweza kuusikia mmoja mmoja. Ukiwa wa tairi za mbele, stering inacheza mkononi. Mtetemeko wa propela ni wa haraka, kama nyuki ndani ya mzinga, na unasikika kwenye sakafu na kiti. Yule dereva wa igizo alisema kiti kinanguruma. Alikuwa amekwisha kutaja dalili yenyewe, lakini hakuna aliyemsikiliza, hata yeye mwenyewe.

HATUA ZA KUPIMA

1. Andika kwanza. Inaanza mwendo gani? Inasikika wapi? Ni wakati wa kukanyaga mafuta au wa kuachilia? Ilianza baada ya nini: kuvuka laga, kubeba mzigo mkubwa, au kutoka kwa fundi?

2. Jaribu kwenye lami. Chagua mahali palipo sawa, penye kuona mbali, pasipo watu wala mifugo, na gari isiwe na abiria. Fika mwendo unaotetemesha, usipite hapo. Kanyaga klachi, weka gea huru, acha gari itembee. USIZIME INJINI, kwa maana breki na stering zinaweza kuwa nzito ghafla. Kama mtetemeko unaendelea vile vile, angalia tairi na propela. Kama unaisha mara moja, angalia injini, mpira wa kushikilia injini, klachi, au krosi iliyolegea ambayo inalia ikibeba nguvu tu.

3. Lala chini, lakini kwa usalama. Gari iwe mahali sawa, injini imezimwa, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayelala chini. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Msitegemee handbreki peke yake. Katika Land Rover nyingi za zamani handbreki inashika propela, siyo magurudumu, na propela ikifunguliwa hakuna kinachoshika gari. Msiingie kamwe chini ya gari iliyoshikwa na jeki tu, wala injini ikiwa inanguruma. Propela inayozunguka inashika kikoi na kumvuta mtu.

4. Safisha. Tope lililokauka upande mmoja wa propela au ndani ya rimu latosha kutetemesha gari. Kuosha hakuna gharama.

5. Angalia bomba. Je, limebonyea kwa jiwe? Je, kuna alama ya kipande kidogo cha chuma kilichobanduka? Kipande hicho kilichomelewa pale kiwandani kusawazisha uzito. Kaza pia boliti zote.

6. Sokota krosi. Shika pande zake mbili, sokota mkono mmoja huku na mwingine kule. Propela nzima ikicheza kidogo kwa pamoja, hiyo ni nafasi ya meno ya difu na kidogo ni kawaida. Lakini krosi yenyewe haitakiwi kucheza. Unga mwekundu wa kutu pembeni mwake, mlio kama wa ndege gari ikianza kuondoka, au kishindo "ko!" ukiingiza gea, ni dalili kwamba grisi imekwisha na krosi inakufa.

7. Angalia mpangilio. Kama propela iliwahi kufunguliwa, masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma ya kipande kimoja kwa kawaida yawe kwenye mstari mmoja. Yakikosea kwa meno machache, gari itatetemeka hata spea zikiwa mpya. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, fundi atie alama kwa rangi au tupa.

8. Angalia springi, bushi na beringi ya katikati. Springi iliyovunjika, au iliyoinuliwa ili kubeba zaidi, inabadilisha pembe ya propela, na krosi zinachoka upesi.

Mkimaliza hatua hizi na hamjaona kitu, ndipo propela ipelekwe mji mkubwa kwenye mashine ya kubalansi. Mwambieni fundi mmekagua nini. Fundi mzuri atafurahi. Anayetaka kubadilisha kila kitu bila kuangalia, muulizeni: kwa nini?

MSINGOJE

Mtetemeko si kero ya masikio tu. Krosi ikivunjika njiani, propela inaanguka. Ikianguka upande wa mbele, inaweza kujichoma barabarani na kurusha gari pamoja na watu waliokaa juu ya mzigo. Mkisikia kishindo pamoja na mtetemeko mkali, simamisheni gari. Afadhali mbuzi wachelewe soko.

Na bei tuilinganishe. Krosi moja ni sehemu ndogo ya bei ya tairi nne. Kutia grisi ni kidogo zaidi ya hapo. Fuateni kitabu cha gari kuhusu muda wa kutia grisi, na gari ikipita maji msingoje muda huo. Tieni mpaka ile ya zamani itoke na mpya ionekane.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani anaamua spea inunuliwe? Anaamua baada ya kuona nini?
2. Je, dereva anaweza kusema "sijui chanzo" bila kuogopa kuonekana mjinga?
3. Mwaka huu tumelipia spea gani ambayo haikuponya gari?

KAZI YA KUFANYA: Anzisheni daftari la gari. Kila safari dereva aandike kilomita, mlio au mtetemeko wowote, na siku ya grisi. Mweka hazina asilipe spea kubwa mpaka asome daftari hilo, na watu wawili wawe wamelala chini wakaona kwa macho yao.