Barabara Moja, Kazi Nyingi



Tukisikia neno barabara, wengi wetu twafikiria gari tu. Hebu twende Nairobi, tutazame Kawangware na Kibera.

TUONE
Asubuhi na mapema, Barabara ya Naivasha pale Kawangware ni ya matatu, watoto wa shule na wale waendao kazini kwa miguu. Baadaye mikokoteni yapita na mizigo. Jioni akina mama mboga wapanga nyanya na sukuma kando yake. Kibera nako, watu hutembea na kuuza bidhaa kando ya reli. Treni ikipiga honi, wanapisha. Vichochoroni mna mitaro, mabomba ya maji na watoto wakicheza.

TUPIME
Mpango ukihesabu gari peke yake, anaumia nani? Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yalibomoa nyumba, shule na biashara Kibera ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Watu wengi walibaki bila makao.

Lakini tuseme ukweli wote. Vibanda vikijaa njia nzima, gari la zimamoto lapita wapi? Mama mjamzito atatolewaje usiku? Kila mtu anahitaji nafasi yake, na njia ni ya wote.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe. Na sera ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 yalenga asilimia 20 ya pesa za barabara ziwafae waendao kwa miguu na baiskeli.

TUTENDE
1. Chagueni njia moja, kama ile ya sokoni. Hesabuni watumiaji wote asubuhi, mchana na jioni: wa miguu, baiskeli, punda, magari, wauzaji.
2. Choreni ramani mchangani kwa kijiti. Onyesheni mtaro, mti wa kivuli, steji na mahali pa kuuzia.
3. Kubalianeni sehemu itakayoachwa wazi daima. Pimeni kwa kamba.
4. Andikeni yote daftarini, mpeleke nakala kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi. Msingoje tingatinga. Anayekuja na hesabu mkononi si rahisi kupuuzwa.

SWALI LA KUJADILIANA
Njia yetu ikipanuliwa kesho, ni nani kati yetu ambaye hatahesabiwa? Nani atamsemea?