Waya wa umeme: Mnunuzi aulize uzito kabla ya bei

Mfanyabiashara wa Buguruni anapokwenda Kariakoo kununua waya wa kuvuta umeme hadi kwenye kibanda chake, swali lake la kwanza huwa ni bei ya mita. Muuzaji hulijibu, wanapatana, na biashara imekwisha kwa dakika tano. Kwa kanga au ndoo utaratibu huo hauna hasara kubwa, kwani kasoro huonekana kwa macho. Kwa waya, mali yenyewe imefichwa ndani ya plastiki, na mnunuzi huijua siku friji inapogoma kuwaka au plagi inapoanza kunuka.

Somo la wiki hii linahusu namna ya kuijua mali hiyo kabla ya kulipa.

Kimsingi, anayeuza waya anauza shaba nyekundu, ile ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita kopa. Plastiki inayoivika ni rahisi. Shaba ndiyo yenye thamani, na bei yake haipangwi Kariakoo. Hupangwa katika Soko la Metali la London, ambako tani moja ilivuka dola 10,000 za Marekani mwaka 2021, na Mei 2024 ikavuka dola 11,000 kwa mara ya kwanza. Malori yanayobeba shaba ya Zambia na Kongo hupita hapo hapo Buguruni, kwa Barabara ya Mandela, yakielekea bandarini. Shaba ya namna hiyo hurudi baadaye ndani ya makontena ikiwa imekwishakuwa waya.

Hesabu yake si ngumu. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa gramu 8.96. Waya wa singo wa 2.5, yaani wenye shaba ya milimita 2.5 za mraba, ukiwa na urefu wa mita 100 una shaba ya kilo 2.24. Ule wa 1.5 una kilo 1.34. Tani ikiwa dola 10,000, shaba peke yake katika roli ya 2.5 ni dola 22 na senti 40. Bado plastiki, kazi ya kiwanda, nauli ya meli, ushuru, kodi na faida ya mwagizaji na mwenye duka. Akitokea mtu anayeuza roli hiyo kwa dola 15, basi ama shaba imepunguzwa, ama si shaba tupu, ama mali hiyo haikupatikana kwa njia halali. Hakuna jambo la nne.

Kupunguza hufanywa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kuandika 2.5 juu ya waya wenye 1.5 au chini yake, na kuunenepesha kwa plastiki ili mkono usihisi tofauti. Ya pili ni urefu: roli ya yadi 100 huuzwa kana kwamba ni ya mita 100, wakati yadi 100 ni mita 91.44, hivyo mnunuzi amepoteza mita nane na nusu kabla hajatoka dukani. Ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote, ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa macho ni shaba tupu. Ukikwangua uzi wake kwa kisu, ndani ni mweupe. Waya wa namna hiyo una uzito usiofika nusu ya ule wa shaba, hupitisha umeme kwa shida zaidi, na ukikunjwa mara chache hukatika.

Njia zote hizo hukamatwa na chombo ambacho Kariakoo hakikosekani, nacho ni mzani. Roli ya singo ya 2.5, mita 100, pamoja na plastiki yake, inatakiwa izidi kilo tatu kidogo. Ikiwa na kilo mbili, mjadala umekwisha. Hata hivyo, plastiki nzito inaweza kuudanganya mzani wa dukani. Anayenunua kwa wingi, hasa anayekwenda kuuza rejareja mikoani, afanye hivi: anunue mita moja kwanza, aimenye, na aipeleke shaba tupu kwenye mzani wa sonara. Mita moja ya 2.5 ni gramu 22 na ushei. Kebo yenye nyaya tatu za 2.5 ndani yake ni gramu 67, na ya nyaya tatu za 1.5 ni gramu 40. Upungufu wa gramu moja au mbili huvumilika. Upungufu wa robo ni wizi.

Asiye na mzani ahesabu nyuzi. Kwa desturi ya viwanda vingi, waya laini wa 0.75 una nyuzi 24, wa 1.0 una nyuzi 32, wa 1.5 una 30 zilizo nene zaidi, na wa 2.5 una 50. Viwanda haviko sawa vyote, lakini waya ulioandikwa 2.5 ukiwa na nyuzi 20 nyembamba kama unywele hauhitaji mtaalamu.

Sasa hasara yenyewe. Chukua mfano wa saluni iliyovuta umeme kwa ekstensheni ya mita 30. Draya, birika na friji vikiwashwa pamoja vinaweza kufikia ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230. Kebo ikiwa ya 2.5 ya shaba halisi, volti zinazopotea njiani ni kama tano na nusu. Ikiwa ya 0.75, zinapotea 18, na wati zipatazo 237 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Hiyo ni sawa na balbu nne za zamani za wati 60 zilizolazwa chini ya zulia au nyuma ya pazia. Aidha, mota ya friji inayopata umeme pungufu huvuta zaidi, hupata moto na hufa mapema. Mwenye saluni hulaumu friji.

Wapo wanaoamini kuwa fyuzi ya plagi itawaokoa. Fyuzi ya ampea 13 huruhusu ampea 13, wakati waya wa 0.75 uwezo wake ni kama sita. Waya utaungua fyuzi ikiwa salama kabisa. Anayefunga fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara hana hata kinga hiyo.

Wenye maduka Kariakoo hawahitaji kukumbushwa maana ya moto. Soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na Soko la Karume likafuata Januari 16, 2022. Mioto hiyo haitajwi hapa kwa sababu ya chanzo chake, bali kwa kilichoonekana asubuhi yake: mfanyabiashara mdogo huweka mtaji wote ndani ya chumba kimoja, na mara nyingi bila bima.

Mbali na vibanda, wapo wateja wengine ambao wauza nyaya wasiwasahau, nao ni wenye boti. Boti ya utalii au ya uvuvi ikifungwa gatini huletewa umeme wa nchi kavu kwa kebo ili kuchaji betri na kugandisha barafu. Kebo hiyo hupata jua, mafuta, maji ya chumvi na kuvutwa na mawimbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ekstensheni ya plastiki nyeupe ya nyumbani haifai hata kidogo. Inayofaa huvikwa mpira mzito, ile inayoandikwa H07RN-F, ina nyaya tatu pamoja na ethi, na ikiwezekana shaba yake iwe imepakwa madini ya bati, kwani chumvi huila shaba tupu hadi ikawa kijani. Sehemu inayoungua mara nyingi ni kichwa cha plagi, pale pini zinapolegea au kupata kutu. Kwa hiyo plagi ya bluu ya pini tatu, ya ampea 16, yenye kifuniko cha kuzuia maji, ndiyo ya kuagiza. Na upande wa gatini iwepo swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Mtu aliye majini hupoteza nguvu za kuogelea kwa umeme mdogo sana.

Anayeuza au kukodisha jenereta kwa sherehe naye aifuate kanuni ya boti, kwani kebo yake hulala matopeni. Na kebo iliyoviringishwa kwenye gurudumu inyooshwe yote kabla ya kutumika. Ikibaki imeviringwa, joto halina pa kutokea.

Kuhusu alama, waya halali huwa umechapwa katika urefu wake jina la kiwanda, ukubwa, volti na namba ya kiwango. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, ni ya kutafutwa, lakini mchapishaji wa bandia huweza kuchapa alama yoyote. Alama isomwe pamoja na mzani.

Jambo la mwisho ni risiti. Risiti ya mashine iliyoandikwa "waya" tu haina kazi mbele ya Tume ya Ushindani (FCC) inayoshughulikia bidhaa bandia. Muuzaji aandike jina la kiwanda, ukubwa, urefu kwa mita na neno shaba. Akikataa kuandika neno hilo la mwisho, roli irudishwe juu ya meza.