Akiba ya Nyumbani: Siku za Giza na Siku za Mbalamwezi

Somo la mwezi huu kwa akina baba na akina mama



Watu wakaao kando ya Ziwa Viktoria, tangu Mwanza mjini hata Magu, Sengerema na visiwa vya Ukerewe, wajua jambo moja ambalo watu wa nchi kavu hawalijui sana. Fedha ya dagaa huja na giza, nayo huondoka na mbalamwezi. Maana dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi huelea na taa zake juu ya maji, dagaa huifuata nuru, ndipo wavu hushushwa. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina nuru, taa haina nguvu tena, dagaa hutawanyika, na mitumbwi huvutwa pwani. Wavuvi hushona nyavu zao na kungoja giza lirudi. Ndivyo ilivyokuwa siku za karabai, na ndivyo ilivyo hata leo, ijapokuwa wengi sasa hutumia taa za betri na za nguvu ya jua.

Basi kila mwezi nyumba ya mvuvi, na nyumba ya mama aanikaye dagaa, ina siku za kupata na siku za kukosa. Siku hizo za kukosa si msiba wa ghafula. Kila mtu aweza kuzihesabu akitazama juu. Hata hivyo nyumba nyingi huzifikia mikono mitupu. Mama hukopa unga dukani, na giza lirudipo fedha ya kwanza hulipa deni. Mwaka wote hupita hivyo, na mtoto huzaliwa katika deni lile lile.

Tusidhani ya kuwa jambo hili ni la wavuvi peke yao. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, naye hana nguvu juu ya bei. Hata watu wa viwanda vya sangara wamekwisha kuonja shida hii: mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Viktoria, na kazi za watu wengi zikasimama. Kila nyumba ina mbalamwezi yake. Tuangalie sasa jinsi siku za kupata ziwezavyo kuzitunza siku za kukosa.

1. Akiba ya kwanza ni chakula

Wazee wetu wa Usukuma hawakuwa na benki, lakini akiba waliijua. Viazi vitamu vilipokuwa vingi, akina mama walivikata vibichi na kuvianika juani, wakapata michembe; au walivichemsha kwanza, kisha wakavikata na kuvianika, wakapata matobolwa. Vitu hivi hukaa miezi mingi, na wakati wa njaa nyumba hula. Tukumbuke na Yusufu huko Misri, jinsi alivyoweka nafaka ya miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Akiba ya fedha ni jambo lile lile katika umbo jingine.

Kwa hiyo mama aanze katika ghala na jikoni kabla ya kufika kwenye sanduku la fedha. Mahindi yanunuliwe wakati wa mavuno, bei ingali ndogo, yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa penye ukavu. Anunuaye kidogo kidogo kila siku aghalabu hulipa zaidi kuliko anunuaye debe zima. Maharage yalowekwe usiku kucha, maana huiva upesi, na mkaa hubaki. Dagaa waanikwe juu ya chanja, si mchangani: hukauka upesi, hawana mchanga, na mnunuzi hutoa bei nzuri zaidi. Wakati wa mvua dagaa wengi huharibika, na walioharibika huuzwa kwa bei ndogo kuwa chakula cha kuku. Basi mama asiye na chanja hupoteza fedha iliyokwisha kuingia mkononi mwake.

Lakini iko akiba iliyo hasara, nayo yatupasa kuionya. Kuna nyumba zinazouza samaki wote wazuri, mayai yote na maziwa yote, na watoto wakala ugali mtupu, au mapanki tu, yaani mifupa na vichwa vya sangara visivyotakiwa viwandani. Kuna mama apikaye kwa watu wote, naye hula mwisho kilichobaki, hata akiwa na mimba. Hiyo si akiba. Nguvu za mama na akili za mtoto zikipungua, hakuna fedha itakayozinunua tena.

2. Kutenga kabla ya kutumia

Wengi husema, "Nitaweka kitakachobaki." Lakini hakibaki kitu, kwa maana matumizi hunyoosha mkono wake hata yaifikie senti ya mwisho. Sharti fedha ya akiba itengwe kwanza, siku ile ile ipatikanapo.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja huanika na kuuza dagaa, naye katika siku 20 za giza hutenga shilingi 1,000 kila siku. Hizo ni shilingi 20,000. Katika siku 10 za mbalamwezi hutoa shilingi 1,000 kila siku ya kuongeza chakula, ndizo shilingi 10,000. Hakukopa dukani, na shilingi 10,000 zimesalia. Akifanya hivyo miezi 12 atakuwa na shilingi 120,000. Mwezi wa Januari utakapofika, mtoto atapata sare, viatu na madaftari. Tangu mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari hata kidato cha nne, lakini nguo na madaftari ni juu ya wazazi.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Kwa hiyo na kila nyumba iwe na daftari dogo. Upande mmoja yaandikwe yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka, hata soda na vocha ya simu. Mwisho wa mwezi baba na mama wasome pamoja. Wengi watashangaa kuona fedha ilipitia tundu gani.

3. Mahali pa kuiweka

Kibubu cha nyumbani ni kizuri kwa kuanzia, hasa kuwafundisha watoto. Lakini mwizi hukivunja, na mwenyewe pia hukivunja akishikwa na tamaa. Fedha katika simu, ambayo Tanzania iliijua tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, hailiwi na mchwa wala haiungui moto, ila ni rahisi kuitoa, na kila kutoa kuna gharama yake. Benki hufaa kwa fedha isiyohitajiwa upesi. Upatu nao husaidia, kwa kuwa kila mmoja hupata fungu kubwa kwa zamu. Lakini zamu haingoji ugonjwa, na aliye wa mwisho huweza kungoja muda mrefu.

Kwa akina mama wengi wa kandokando ya ziwa, kikundi cha kuweka na kukopa, kiitwacho VICOBA, ndicho kilichofaa zaidi. Mwanzo wa njia hii ya vikundi ulikuwa mbali: mwaka 1991, huko Maradi katika nchi ya Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Na zamani zaidi, huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa mkuu wa mji wa Heddesdorf, aliona wakulima wakinyonywa na wakopeshaji. Kwanza aliwategemea matajiri watoe msaada, akaona haudumu. Mwaka 1864 akaunda chama ambamo wakulima wenyewe waliweka fedha zao na kukopeshana. Alitambua ya kuwa maskini wengi wakiungana wana nguvu ya kujisaidia.

Kazi ya kikundi ni rahisi kuielewa. Wanachama hukutana kila juma na kununua hisa mbele ya wote. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Wakiwa wanawake 20, kila mmoja akitoa shilingi 2,000, hizo ni shilingi 40,000 kwa juma, nazo kwa majuma 52 ni shilingi 2,080,000. Mwenye haja hukopa na kurudisha na faida kidogo, na mwisho wa mwaka faida hiyo hugawanywa kwao wenyewe. Uko na mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba. Ila kikundi kiandikishwe, kama iagizavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano. Upendo bila hesabu huleta ugomvi.

4. Deni likaushalo damu

Watu wenyewe wamelipa jina: "kausha damu". Tuone kwa nini. Mama akopa shilingi 100,000, naye aambiwa alipe shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26. Atalipa shilingi 130,000. Aweza kusema, "Shilingi 30,000 si nyingi." Lakini atazame vema: baada ya siku 13 amekwisha kurudisha shilingi 65,000, kwa hiyo hakukaa na ile laki moja mwezi mzima, nusu ya muda alikuwa na sehemu ndogo tu, na faida alitozwa ya fedha yote. Tena katika siku hizo 26 ziko siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hapatikani. Deni halijui mbalamwezi. Siku asipolipa, huja watu kuchukua kitanda na sufuria, naye hukopa kwa mwingine ili alipe wa kwanza.

Kukopa kwa kununua chanja, turubai au mtaji wa biashara kwaweza kufaa, maana kitu hicho huzaa fedha ya kulipa. Kukopa kwa sherehe au nguo ni kula mbegu.

5. Akiba ya mama mwenye mimba

Mimba nayo siku zake zahesabika, kama mwezi. Tangu mama ajue ya kuwa ana mimba hata kujifungua iko miezi kadhaa ya kutenga kidogo kidogo. Kwa taratibu za serikali, wenye mimba na watoto walio chini ya miaka mitano hawatozwi ada katika hospitali na zahanati zake. Lakini safari yataka fedha, na vitu vya kujifungulia vyataka fedha. Mtu wa Sengerema sasa ana daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Bali mtu wa kisiwani angali avuka maji, na usiku wa dhoruba hakuna mtumbwi wa bure.

Basi baba na mama waweke fungu hili mbali, lisiguswe kwa haja nyingine. Wapatane mapema na mwenye chombo atakayewachukua, na waandae kanga safi, sabuni na vifaa watakavyoagizwa zahanati. Aliye kisiwani, siku zikikaribia, asogee karibu na hospitali. Mama akitoka damu, akiumwa kichwa sana, akivimba uso, akishikwa na degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, wasingoje asubuhi. Wanawake wamekufa si kwa kuwa dawa haikuwako, bali kwa kuwa nauli ilitafutwa usiku kwa majirani.

Mtoto akizaliwa, miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yamtosha. Maji wala maziwa ya kopo hayahitajiki. Akiisha kutimiza miezi sita, apewe uji uliotiwa dagaa safi waliosagwa, karanga, na viazi lishe vyenye rangi ya chungwa. Chakula hiki chapatikana hapa hapa ziwani, nacho si cha gharama kubwa.

6. Siri isiyofaa

Kuna baba afichaye mapato yake, na mama afichaye kibubu chake, kila mmoja akimwogopa mwenziwe. Hofu hiyo pengine ina sababu, maana wako waume wachukuao akiba ya mke na kuimaliza kilabuni. Mume wa namna hiyo ndiye mwizi wa kwanza wa watoto wake. Lakini tufikiri: ziwa hili huchukua watu. Mvuvi aondokaye jioni aweza asirudi asubuhi. Siku hiyo mjane atajua fedha iko wapi? Atajua ni nani adaiwaye, na ni nani adaiye? Je, jina lake liko katika karatasi za benki kuwa mrithi? Nyumba ngapi zimepata misiba miwili kwa siku moja, wa mtu na wa mali, kwa sababu ya siri tu! Daftari lile dogo, likisomwa na wote wawili, laweza kumwokoa mjane na yatima. Liandikwe leo, baba angali mzima.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya mitaa

1. Katika nyumba yako, siku za mbalamwezi ni zipi? Zinakujia lini?
2. Ni chakula gani mlicho nacho kwa wingi sasa ambacho chaweza kuanikwa na kuwekwa?
3. Deni lipi huzaa, na deni lipi hula mbegu?
4. Mama akishikwa na uchungu usiku huu, nauli iko wapi?
5. Mume na mke, je, kila mmoja ajua mwenziwe aweka wapi fedha?

Wasomao nyumbani na wajibu swali la mwisho kwanza, baba na mama wakiwa pamoja, kabla taa haijazimwa.