Kifuniko cha Mtungi

SOMO LA KIKUNDI. Someni kwanza: 2 Wafalme 5:1-14



Siku moja niliamka vizuri kabisa. Ilikuwa siku ya mkutano wetu, na zamu ya kupokea mchango ilikuwa yangu. Lakini kuni zilikuwa zimenyeshewa, moto ukakataa kushika. Ulipowaka, maziwa yakafurika na kumwagika. Nikachukua mtungi niende kuteka maji, kumbe hauna kifuniko! Jirani yangu alikuwa ameuazima jana yake, akaurudisha hivyo hivyo bila kusema neno.

Nilifika mkutanoni nimenuna. Jirani aliponisalimu, nikamwuliza mbele ya wote kama kwao vitu hurudishwa nusu nusu. Hakujibu. Alichukua kikapu chake akaenda zake. Mikutano miwili hakuja. Mwenzetu aliyekuwa na zamu iliyofuata akapata mchango uliopungua, na alikuwa ameutegemea kwa karo ya mtoto. Yote hayo kwa ajili ya kifuniko!

Naamani naye

Hebu tumwangalie Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuwa na ukoma, akasafiri mbali na farasi na magari yake kutafuta kuponywa. Alipofika kwa Elisha, nabii hakutoka nje kumlaki. Alimtuma tu mjumbe, kwamba aende akaoge mara 7 katika mto Yordani. Naamani akawaka hasira. Aliona amedharauliwa, tena mito ya kwao Dameski ni mizuri zaidi.

Tazameni jambo hili. Ugonjwa mkubwa haukumshinda safari, lakini dharau ndogo ilitaka kumrudisha nyumbani na ukoma wake. Waliomwokoa ni watumishi wake. Walimsogelea kwa heshima, wakamwita baba, wakamsihi afanye hilo dogo aliloambiwa. Akashuka mtoni, akapona.

Sisi pia ni hivyo. Mvua ikikosekana tunaomba. Mtoto akiugua tunaomba. Lakini kuku wa jirani akiparua mboga, au matatu ikituacha barabarani, hilo tunalibeba wenyewe. Tunamwachia Mungu makubwa na kujiwekea madogo, na hayo madogo ndiyo yanatuharibia siku. Imani si kujifanya hujaudhika. Imani ni kumpelekea Mungu hata kuni mbichi.

Tufanye nini?

1. Ukiudhika, simama kidogo kabla ya kufungua mdomo. Mwambie Mungu jambo lenyewe bila kulipamba: Bwana, kifuniko hiki kimeniudhi, nisaidie.

2. Jiulize: Je, wiki ijayo nitalikumbuka? Kama sivyo, liache lipite.

3. Kama mtu amekukosea, mwendee mkiwa wawili tu, kama Yesu alivyofundisha katika Mathayo 18:15. Mkutano si mahali pa kuaibishana.

4. Usilale na hasira. Soma Waefeso 4:26.

5. Ukiona mwenzako amewaka, usimwongezee kuni. Uwe kama wale watumishi wa Naamani.

Lakini tuangalie: si kila jambo ni dogo. Pesa za kikundi zikipotea, au mama akipigwa nyumbani, hilo si la kunyamaziwa eti kwa sababu tumeokoka. Pesa zizungumzwe wazi na kitabu cha hesabu kifunguliwe. Anayepigwa asaidiwe mara moja apate mahali salama.

Mimi nilimwendea jirani yangu Jumapili jioni. Sikuanza na kifuniko, nilianza na ulimi wangu. "Dada, nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Ingia ndani, chai iko." Mkutano uliofuata alikuja, na malimbikizo yake akalipa. Kifuniko nilinunua mwenyewe sokoni.

Maswali ya kuzungumzia

1. Ni jambo gani dogo liliharibu siku yako wiki hii? Je, uliliombea?

2. Kikundi chetu kimewahi kumpoteza mtu kwa ajili ya neno lililosemwa kwa hasira? Nani atamwendea, na lini?

3. Tutatofautishaje jambo la kuachilia na jambo la kuletwa mbele ya kamati?

Mfunge kwa sala. Kila mmoja amtajie Mungu kimoyomoyo jambo moja dogo linalomsumbua leo, aliache hapo, kisha mwendelee na mchango.