SOMO: KUWASAFISHA MBWA NA PAKA NYUMBANI BILA MADHARA

Wanachama wengi wa vyama vya msingi hufuga mbwa wa kulinda boma na paka wa kukamata panya ghalani. Kwa kuwa wanyama hawa hawahesabiwi kuwa mali kama ng'ombe au mbuzi, usafi wao mara nyingi huachiwa watoto. Mbwa akijaa kupe, mtoto hutumwa kuleta dawa iliyosalia baada ya kunyunyizia pamba au kahawa, akaichanganya na maji na kumwogesha nayo. Desturi hiyo ni ya hatari. Somo hili limekusudiwa kueleza sababu zake na kuonyesha njia iliyo bora.

1. Sumu ya shambani si dawa ya mnyama

Dawa nyingi za kuua wadudu wa mimea huvuruga mishipa ya fahamu. Zikipenya ngozi ya mbwa, au akizilamba katika manyoya yake, huweza kumdhuru naye: hutokwa na udenda kwa wingi, hutetemeka, hupumua kwa shida, na huweza kufa. Mtoto anayemwogesha kwa mikono mitupu hupata sumu hiyo hiyo, na wanaomshika mbwa baadaye hali kadhalika.

Dawa ya josho nayo isidhaniwe kuwa yafaa kila mnyama, kwani kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa. Zaidi ya hayo, toksafini, iliyotumika zamani katika majosho ya Afrika Mashariki, ni miongoni mwa sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mkebe wa zamani ukionekana ghalani usifunguliwe. Bwana mifugo aarifiwe.

Paka huhitaji uangalifu mkubwa zaidi. Permethrini, iliyotengenezwa kwa mfano wa dawa itokayo katika maua ya pareto, hutumika kwa mbwa na ng'ombe. Lakini ini la paka haliwezi kuivunja nguvu, na huweza kumwua. Dawa ya mbwa isipakwe paka kamwe.

2. Kuogesha

Mbwa aogeshwe mchana wa jua, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Kwanza achanwe ili manyoya yaliyosokotana yaachane. Maji yaanzie shingoni kuelekea mkiani. Uso upanguswe kwa kitambaa, na maji yasiingie masikioni. Sabuni yote isuuzwe, kisha akaushwe. Paka hujisafisha mwenyewe kwa kujilamba, yatosha kumchana. Kwa sababu hiyo pia, chochote apakwacho huishia tumboni mwake.

3. Kuondoa kupe

Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kukatishwa. Asipakwe mafuta ya taa wala kuchomwa moto, na asipasuliwe kwa vidole, kwani damu yake huweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa. Atumbukizwe katika spiriti, na mikono ioshwe.

Kuondoa kupe mwilini ni nusu ya kazi. Kupe jike wa mbwa akishiba hudondoka na kutaga maelfu ya mayai katika nyufa za kuta. Kibanda kifagiliwe, nyufa zizibwe, na matandiko ya zamani yachomwe.

4. Kucha

Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu. Katika ukucha mweupe huonekana kama mstari mwekundu. Katika ukucha mweusi hauonekani, kwa hiyo ikatwe ncha ndogo tu. Mbwa atembeaye sana juu ya ardhi ngumu kwa kawaida huhitaji kukatwa kucha mara chache.

5. Kichaa cha mbwa

Mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa amshikaye. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mbwa aliyebadilika tabia asiguswe. Aliyeumwa, au kuparuzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata jeraha likiwa dogo.

6. Wajibu wa chama

Katibu ahakikishe kwamba dawa haitolewi ghalani katika chupa ya soda wala kopo lisilo na maandishi. Mwanachama aombaye dawa "ya kupe" aulizwe kwanza ni ya mnyama gani. Halmashauri yaweza pia kumwomba daktari wa mifugo aje siku ya mkutano kuchanja mbwa wa wanachama wote kwa pamoja. Ugonjwa huu hauzuiliki vyema boma moja likichanja na la jirani likiacha.

Maswali ya majadiliano

(a) Ni nani anayewaogesha mbwa katika kaya za wanachama, na kwa dawa gani?
(b) Kwa nini dawa ya mbwa haimfai paka?
(c) Je, ghala la chama lina mikebe ya dawa za zamani? Ni nani atakayeikagua, na lini?
(d) Mbwa wangapi wa wanachama wamechanjwa mwaka huu?