Taa Nyekundu ya Oili katika Motokaa

Mbele ya dereva wa motokaa iko taa ndogo nyekundu yenye mfano wa birika linalodondosha tone. Wengi huiona kila siku, wakadhani ya kuwa yasema, "Oili imepungua, tukifika mjini uniongeze." Sivyo. Taa hiyo haipimi wingi wa oili hata kidogo. Yapima nguvu ya msukumo wake.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya oili. Chini ya injini liko bakuli liitwalo sampu, na humo ndimo oili ikaamo. Pampu huivuta kwa kupitia chujio, ikaisukuma katika njia nyembamba mpaka kwenye kranki na beringi zake, na mpaka juu kwenye valvu. Kranki huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, wala haigusani na beringi, maana kati yao pana utando wa oili ulio mwembamba sana. Utando ukikatika, chuma husugua chuma, joto huzidi, beringi huliwa, injini huanza kugonga, kisha hushika isigeuke tena. Haya si mambo ya siku nyingi. Dakika chache zatosha.

Sasa, katika njia ile ya oili imetiwa swichi. Katika motokaa nyingi huwasha taa msukumo ushukapo chini ya nusu ya bar hivi. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa bar 2 na zaidi. Basi msomaji aone ni msukumo mdogo namna gani uliobaki taa inapowaka. Kwa hiyo hapana kusema, "Nijikongoje mpaka kijiji cha mbele." Dereva na aegeshe kando palipo salama, azime injini pale pale.

Kisha angoje kama dakika kumi, gari likiwa mahali tambarare, achomoe kijiti cha kupimia, akipanguse, akirudishe, akichomoe tena na kusoma. Kina alama mbili, na katika motokaa nyingi ndogo tofauti yake ni kama lita 1. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, aongeze kidogo kidogo, aina ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, asipite alama ya juu. Kwani ikizidi mno kranki huipiga ikawa povu, na povu halilindi chuma. Lakini oili ikiwa kamili na taa ingali yawaka, asiwashe tena. Huenda pampu imekufa, au chujio limeziba, au beringi zimelika, au swichi yenyewe ni mbovu. Fundi mwenye kipimo ndiye atakayejua. Gari livutwe.

Wako madereva wachomoao waya wa swichi ili abiria wasiione taa. Huko ni kumziba mdomo mlinzi wa shamba nguruwe wamekwisha ingia.

Pengine taa humetameta tu, gari likipanda mlima mkali kama Kitonga huko Iringa, au likikata kona kwa kasi. Oili iliyopungua hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikavuta hewa. Hiyo nayo ni sababu ya kusimama na kupima. Magari mengine ya siku hizi yana taa ya pili, ya rangi ya manjano, na hiyo kweli huhusu wingi wa oili. Kila asubuhi, ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu sharti iwake, kisha izimike mara injini ingurumapo. Isipowaka kabisa, imekufa, na dereva asafiri bila mlinzi.

Wenye pikipiki za kuchukua abiria wana shida zaidi, kwa kuwa nyingi hazina taa hii, na oili yao yote ni kama lita 1 tu. Robo lita ikipotea, robo nzima ya akiba imekwenda. Hao wapime kabla ya abiria wa kwanza, pikipiki ikiwa imesimama wima, si kuegemea stendi ya ubavuni.