Mama Yake Yuko Angani: Niliyojifunza Nikimlea Mtoto wa Rubani

Mdogo wangu ni rubani. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Songea, na kwa miaka kazi yake ilinihusu kama inavyomhusu ndugu yeyote: nilijivunia, nikamwombea, nikaendelea na mambo yangu. Mambo yalibadilika alipopangiwa kwenda nje ya nchi kujifunza ndege kubwa zaidi, na mwanawe bado anatambaa. Familia ilikaa, ikakubaliana mtoto aje kwangu Bombambili. Baba yake ndiye aliyemleta, na begi la nguo na kadi ya kliniki. Mafunzo yaliisha, mtoto akarudi Dar es Salaam, lakini hadi leo ratiba ya mama yake ikibana, anakuja. Katika kumlea nimesikia mengi kuhusu wanawake wanaorusha ndege: sokoni, kanisani, kliniki, hata katika chumba cha walimu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Swali la "mtoto kamwachia nani?" huulizwa upande mmoja

Songea haikosi malori. Makaa ya mawe ya Mbinga hupita hapa kwenda bandari ya Mtwara, na madereva wanaoyabeba wana watoto. Mtaani kwetu yupo mmoja ambaye wanawe humwona siku chache, kisha huyo kaondoka. Sijamsikia mtu akimuuliza watoto kawaachia nani. Anasifiwa kwamba anahangaikia familia.

Siku moja tukiwa kwenye foleni ya kliniki, jirani ninayemheshimu aliniuliza, "Mwalimu, hivi huyu mama yake alikosa kazi nyingine?" Nikamwuliza na mimi kama yule baba wa lori alikosa kazi nyingine. Akacheka. Kisha akasema, "Lakini yule si mwanaume?"

Hapo ndipo penyewe. Kama shida ingekuwa mtoto kukaa bila mzazi, wazazi wote wawili wangeulizwa. Tangu siku ile, mtu akinianzia habari ya mtoto, namweleza mtoto alivyo: anakula, analala, chanjo zote amepata. Akiendelea kuuliza, najua kwamba sasa anamuuliza mwanamke.

2. Anayesema si desturi yetu aende Mahenge

Wapo wanaosema kwa upole kwamba kazi hii si ya binti wa Kingoni. Hao nawaelekeza Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, mjini kwetu. Miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wao, alikuwamo Mkomanile, mwanamke kiongozi aliyehamasisha watu wake wapigane. Kila Februari mashujaa wale huadhimishwa, na jina lake hutajwa pamoja na ya wanaume. Mji unaomkumbuka mwanamke aliyeongoza watu vitani hauna sababu ya kushtushwa na mwanamke anayeongoza abiria kwenda Dar es Salaam.

3. Abiria humzoea rubani haraka kuliko ndugu zake

Mdogo wangu alianzia kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria wasiozidi 13. Kwenye ndege hiyo rubani hajifichi. Hupokea abiria, hukagua mizigo ilivyopangwa, kisha hupanda na kuketi mbele yao, bila mlango katikati.

Alinisimulia habari ya mzee mmoja wa Mafia aliyemkabidhi begi na kumwambia, "Binti, liweke vizuri, lina mayai." Akaliweka. Mzee akapanda, akafunga mkanda, akaanza kuchungulia dirishani. "Rubani mwenyewe yuko wapi?" Mdogo wangu alikuwa tayari ameketi kiti cha kushoto, anavaa vipokea sauti. Mzee akamtazama, akatazama mlango, akashika rozari aliyokuwa nayo. Walipotua Dar es Salaam alikuwa wa mwisho kushuka. Akafungua begi mbele yake, akakagua mayai, akasema, "Hakuna hata moja lililopasuka. Mungu akuweke."

Nampenda mzee yule kwa sababu alipima kazi kwa kazi. Na kazi yenyewe ina vipimo vizito kuliko macho ya abiria. Leseni ya urubani wa biashara huhitaji takriban saa 200 za kuruka, na ile ya juu kabisa, ya kuongoza ndege kubwa za abiria, huhitaji saa 1,500. Rubani wa shirika la ndege hupimwa afya kila mwaka na uwezo wake wa kurusha mara mbili kwa mwaka. Hakuna alama za huruma kwa mwanamke, wala za nyongeza kwa mwanaume.

Jirani zetu Wakenya waliyaona haya mapema. Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways mwaka 1995, akawa rubani pekee wa kike pale kwa miaka kadhaa. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuthibitishwa kuwa kapteni wa Boeing 787. Naye ni mama.

4. Ujauzito wa rubani una hesabu yake

Hili sikulijua mpaka lilipoingia nyumbani. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamhesabu rubani mjamzito kuwa hafai kuruka, isipokuwa daktari athibitishe kwamba mimba haina hatari. Hata akithibitisha, ruhusa inapendekezwa iwe kati ya mwisho wa wiki ya 12 na mwisho wa wiki ya 26. Kwa hiyo rubani mwanamke hulazimika kumwambia mwajiri habari ambayo wanawake wengine huwaficha hata mawifi mpaka mimba ikae sawa.

Baada ya hapo ni ofisini. Mshahara unabaki, lakini posho za kuruka zinakatika, na kwa marubani wengi posho ndiyo inayolipa ada na kodi ya nyumba. Mdogo wangu alianza kupunguza matumizi kabla hata hajanunua nguo ya mtoto.

Kisha kuna kurudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kanuni za anga nazo zinataka rubani awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Jumlisha miezi ya ofisini na likizo, utaona kwamba mama huyu lazima arudi darasani na kwenye mashine ya kuigiza urushaji, apimwe tena. Watu huona amechelewa kupanda cheo wakadhani amezubaa. Wanaume walioanza naye walikuwa wanaongeza saa wakati yeye analea mimba.

5. Saa mbili za kunyonyesha hazifiki angani

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Ni sheria nzuri, na sisi walimu huifaidi kwa sababu nyumba ziko karibu. Lakini mwenye zamu ya Dar es Salaam, Zanzibar, Mafia na kurudi atamnyonyesha mtoto wapi?

Likizo moja ya shule nilikwenda kumsaidia, nikajionea. Aliamka saa tisa usiku, akanyonyesha, akakamua maziwa, akayaandika tarehe na saa kwa kalamu nyeusi, akayapanga kwenye friji. Akavaa sare, akabeba kiboksi cha barafu. Kwenye kiwanja kimoja hapakuwa na chumba, kwa hiyo alikamulia stoo ya mizigo huku mwenzake wa kike amesimama mlangoni. Aliporudi jioni, kiboksi kilikuwa na chupa mbili na shati lake lilikuwa na madoa mawili yaliyokauka kifuani. Hakulalamika. Alisema tu, "Dada, wangeniwekea hata kiti."

Kiti, mlango wenye komeo na friji ndogo. Gharama yake haifiki bei ya tairi moja la ndege.

6. Ratiba inayojulikana mapema ni bora kuliko huruma

Watu wakitaka kumsaidia mama rubani humwonea huruma. Huruma haipangi siku. Kinachotusaidia sisi tunaobaki ni karatasi ya zamu ya mwezi kutolewa mapema na kuheshimiwa. Jikoni kwangu imebandikwa karibu na jiko: lini yuko kazini, lini analala mji mwingine, lini anasubiri kuitwa. Kwa hiyo najua lini mtoto atampata kwenye simu na lini nisimwahidi.

Hali ya hewa ina mamlaka yake, na hilo halina wa kulaumiwa. Sisi wa Songea tunajua ukungu wa asubuhi za baridi. Lakini zamu zinazogeuzwa kwa ujumbe wa usiku, bila sababu ya hewa wala ubovu, humtesa mtoto kuliko urubani wenyewe.

Hapa nimtaje na baba. Sheria ilimpa siku tatu za likizo ya uzazi yenye malipo, zikaisha kabla kitovu hakijakatika. Hata hivyo alijifunza kupika uji, kutambua dalili za homa, na kumpeleka mtoto kliniki. Wenzake humtania kwamba amekuwa yaya. Huwajibu, "Namlea mwanangu, ninyi wenu analea nani?"

7. Mtoto ajue mama yake ni nani

Mkono mmoja haulei mwana, na kwetu mama mkubwa ni mama. Bado kuna mpaka. Mtoto ananiita Mama Mkubwa, na jina la Mama ni la mwenyewe. Kila jioni inayowezekana wanazungumza, hata kama mazungumzo ni kuonyeshana kijiko. Maamuzi makubwa, kama shule na matibabu, ni ya wazazi.

Nasema hivi kwa sababu historia ya anga hapa Afrika Mashariki ina mfano wa namna nyingine. Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936, kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Kanada. Mwanawe wa pekee alilelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba, akamwona mama yake kwa nadra mno. Simhukumu, kwani zama zake zilikuwa nyingine. Ila wanaotuambia kwamba mwanamke lazima achague anga au mwana wanazungumza kana kwamba simu, sheria na shangazi havijazaliwa.

8. Wasichana wetu wanahitaji fizikia kabla ya hotuba

Kila Machi hatukosi mgeni wa kuwaambia wasichana wanaweza kuwa chochote. Wanapiga makofi, kisha wanarudi darasani ambako kitabu cha fizikia wanagawana. Rubani huanzia kwenye hisabati, fizikia na Kiingereza, halafu ada ya mafunzo inayohesabiwa kwa mamilioni mengi. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza Mnyarwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alianzia chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kabla ya kwenda Marekani. Alipita kwenye chuo cha ukanda wetu huuhuu, kwa hiyo njia ipo. Walio wengi hukwama kwenye nauli ya kuifikia.

Mwaka 2021, chama cha kimataifa cha marubani wanawake kilihesabu kwamba wanawake ni asilimia 5.8 tu ya marubani wa mashirika ya ndege duniani. India ilikuwa na asilimia 12.4. Miongoni mwa sababu zinazotajwa kuhusu India ni familia pana: bibi, shangazi na mama wakubwa wanaobaki na watoto. Hiyo mali tunayo Ruvuma. Hatuinunui kwa dola.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mwajiri, weka chumba cha kukamulia maziwa na utoe ratiba mapema. Baba, usiseme unasaidia, maana mtoto ni wako. Ndugu, mkikubali kubaki na mtoto, kaeni naye bila masimango. Na wewe msomaji, ukisikia sauti ya mwanamke ikitangaza kwamba ndege inakaribia kutua Songea, funga mkanda kama siku zote. Habari ya mtoto wake tuachie mimi na baba yake.